Dini na upataji nafuu wa waraibu nchini Tanzania

Dini na upataji nafuu wa waraibu nchini Tanzania ni mada inayohusu mchango wa imani, ibada na jumuiya za waumini katika safari ya mtu anayeacha dawa za kulevya. Nchini Tanzania, Bara na Zanzibar, mraibu anapotaka kuacha, mara nyingi msaada wa kwanza kutafutwa na familia yake ni wa sheikhe, padri, mchungaji au kikundi cha maombi. Hospitali hufuata baadaye. Kwa sababu hiyo viongozi wa dini wana nafasi kubwa ya kumfikisha mraibu kwenye tiba, au kumchelewesha.

Watafiti na watoa huduma wengi wanakubali kwamba imani inaweza kumsaidia mraibu kukaa bila dawa kwa muda mrefu, hasa inapomwingiza katika jumuiya mpya na ratiba mpya ya maisha. Ugomvi huanza pale maombi yanapowekwa mahali pa tiba, au pale mraibu anapotangazwa kuwa amepona kabla ya wakati.

Istilahi

Uraibu ni hali ya mtu kushindwa kujizuia kutumia kitu fulani hata anapoona madhara yake. Kitu hicho kinaweza kuwa heroini, bangi, mirungi, pombe au dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya. Mwenye hali hiyo huitwa mraibu. Mitaani huitwa teja, neno ambalo watoa huduma hulikwepa kwa kuwa lina dharau ndani yake. Heroini huitwa unga, na kipimo kidogo kinachouzwa huitwa kete. Maumivu yanayompata mraibu wa heroini anapokosa dawa huitwa arosto: mwili kuuma, kutoka jasho, kuharisha, kutapika na kukosa usingizi.

Maneno mawili yanahitaji kutofautishwa. Katika mahubiri hutumika zaidi neno uponyaji, ambalo humaanisha tendo la Mungu linaloweza kutokea kwa saa moja. Katika huduma za afya na katika vituo hutumika upataji nafuu, yaani mwendo wa miezi na miaka ambao mtu hupiga hatua, huteleza na kuinuka tena. Ndiyo maana vituo vya makazi vya waraibu huitwa rasmi nyumba za upataji nafuu, ingawa wengi huziita soba hausi. Kutoelewana kwingi kati ya viongozi wa dini na wahudumu wa afya kunatokana na tofauti ya maneno haya mawili.

Historia

Heroini ilianza kuenea katika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, ikipitia bandari na miji kama Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam. Mwanzoni ilivutwa kwa moshi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 kujidunga sindano kuliongezeka, na pamoja nako maambukizi ya VVU na homa ya ini.

Jumuiya za dini zilikuwa na mazoea ya kupambana na ulevi kabla ya hapo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulisisitiza kuungama dhambi hadharani, kutoa ushuhuda na kuacha pombe. Desturi hiyo ya mtu kusimama mbele ya wenzake na kueleza alikotoka bado ina nguvu katika makanisa ya Kilutheri, Kianglikana na Kipentekoste. Kwa Waislamu, katazo la kileo limo katika Kurani yenyewe, na wanazuoni huonyesha kwamba lilikuja kwa hatua (sura 2:219, 4:43 na 5:90). Baadhi ya walimu wa dini huitumia historia hiyo kueleza kwamba hata mtu mmoja anaweza kuhitaji hatua ili aache.

Huko Marekani, Bill Wilson na Dakta Robert Smith walianzisha mwaka 1935 chama cha Alcoholics Anonymous (AA) mjini Akron, Ohio. Wote wawili walikuwa walevi waliopitia Oxford Group, kundi la Kikristo lililohimiza kujichunguza, kuungama na kulipa fidia kwa waliokosewa. Mambo hayo yaliingia katika Hatua Kumi na Mbili zilizochapishwa mwaka 1939. Mwaka 1953 huko California kilianzishwa Narcotics Anonymous (NA), kinachotumia hatua hizo kwa ajili ya dawa za kulevya. Vyama hivi si vya dhehebu lolote. Hutaja Mungu kwa namna ambayo kila mwanachama humwelewa mwenyewe, na ndiyo sababu vimeweza kupokewa na watu wa dini mbalimbali.

Zanzibar: Hatua Kumi na Mbili katika jamii ya Kiislamu

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni wa Zanzibar. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 21, waraibu waliokuwa wameacha walianzisha nyumba za upataji nafuu Unguja. Miongoni mwa waanzilishi ni Suleiman Mauly, ambaye amesimulia hadharani habari za uraibu wake mwenyewe. Walisaidiwa na Calvin Trent wa Detroit, Marekani, na ndiyo asili ya jina Detroit lililopewa nyumba mojawapo.

Mpango wao ni ule wa Hatua Kumi na Mbili, uliozaliwa katika mazingira ya Kikristo, lakini wakazi wa Zanzibar karibu wote ni Waislamu. Maafikiano yalipatikana kwa kutafuta mahali ambapo mafundisho hayo mawili yanakutana:

Kukiri udhaifu. Hatua ya kwanza humtaka mtu akubali kwamba ameshindwa. Nguvu iliyo kuu kuliko mtu, inayotajwa katika hatua zinazofuata, kwa Mwislamu ni Mwenyezi Mungu, na kujikabidhi kwake ndiyo maana ya neno Uislamu.

Toba. Katika mafundisho ya Kiislamu toba ina masharti: kuacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mtu mwingine, haki hiyo irudishwe au msamaha uombwe. Sharti hili la mwisho linafanana na hatua ya nane na ya tisa, ambazo humtaka mraibu aorodheshe aliowakosea na kuwatendea haki. Kwa kijana aliyeuza vyombo vya mama yake ili anunue kete, jambo hili si nadharia.

Ratiba. Sala tano hugawa siku. Mtu ambaye siku yake yote iligawanywa na kete sasa anaamka alfajiri kwa sala, anafanya usafi, anahudhuria mkutano, anaandika hatua zake, anapika na kulala kwa saa zinazojulikana.

Pana pia jambo lisiloafikiana kwa urahisi. Katika mikutano ya NA watu husimulia makosa yao mbele ya wenzao, ilhali Uislamu humhimiza Mwislamu asitiri aibu yake na kutubu kwa Mungu pasipo kutangaza. Jibu linalotolewa katika vituo ni kwamba yasemwayo mkutanoni hayatoki nje, na lengo la kuyasema ni kumsaidia mwenye ugonjwa uleule. Waislamu wa Marekani walikwisha kukutana na swali hilo: mwaka 1989 mjini Baltimore kilianzishwa kikundi cha Millati Islami, kilichoziandika upya hatua hizo kwa lugha ya Kiislamu.

Katika pwani ya Kenya, chama cha Kiislamu cha MEWA cha Mombasa kimeendesha huduma kwa waraibu pamoja na shughuli zake za elimu na afya. Huko Malindi, Omari Project ilianza kutoa huduma za aina hiyo katika miaka ya 1990.

Arusha: Kaloleni na Mlima Meru

Kaloleni ni kata ya Jiji la Arusha, karibu na katikati ya mji. Ni eneo la makazi yaliyobanana na biashara ndogondogo, na lina kituo cha afya cha serikali. Kama kata nyingine za mjini, vijiwe vya vijana, baa, misikiti na makanisa havipishani mbali. Jina la kata nyingine ya Arusha, Unga Limited, huwachekesha wageni, lakini asili yake ni kiwanda cha kusaga nafaka na halihusiani na dawa za kulevya.

Mazingira ya dawa katika mkoa huu yanatofautiana na ya pwani. Bangi hulimwa katika baadhi ya miteremko ya Mlima Meru, na Kisimiri Juu katika wilaya ya Arumeru imetajwa mara nyingi katika operesheni za kuteketeza mashamba. Mirungi, ambayo ni marufuku Tanzania lakini halali Kenya, huingia kwa njia za mpakani. Pombe za viwandani na gongo zinapatikana kwa urahisi, na heroini ipo pia mjini. Kwa hiyo anayeomba msaada huko Arusha anaweza kuwa mraibu wa kitu kimoja au wa vitu vitatu kwa pamoja, na tiba ya kimoja si tiba ya kingine.

Arusha pia ni mji wa dini nyingi. Ni makao makuu ya Jimbo Kuu Katoliki la Arusha na ya Dayosisi ya Kaskazini Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ina misikiti mingi na makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Waadventista. Kila jumuiya ina chombo chake kinachoweza kumpokea mtu anayeacha:

Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Familia chache za jirani hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, na asiyefika huulizwa habari zake. Pia wana sakramenti ya kitubio, yenye majuto, maungamo na malipizi.

Walutheri wana sala za nyumba kwa nyumba, kwaya na vikundi vya vijana. Kwaya ina mazoezi ya jioni, saa ambazo kijiwe huwa kimechangamka.

Wapentekoste wana mikesha, mifungo na ushuhuda. Anayeokoka hupewa mara moja ndugu wapya wanaomwita kwa jina, na mara nyingi kazi ya kufanya kanisani.

Waislamu wana sala ya jamaa, darsa baada ya sala na mwezi wa Ramadhani, ambao wengi huutumia kama mwanzo wa kuacha.

Katika mifano yote hii mtu hapewi mahubiri tu. Hupewa mahali pa kwenda jioni, watu wa kukaa nao na sababu ya kuamka asubuhi. Mraibu anayeacha hupoteza marafiki wote kwa siku moja, kwa kuwa marafiki zake wote wako kijiweni. Asipopata wengine, upweke humrudisha alikotoka. Kata kama Kaloleni humpa mtihani wa pekee: njia ya kwenda msikitini au kanisani inaweza kupita palepale anapouziwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya familia zenye uwezo humpeleka kijana kwenye kituo kilicho mkoa mwingine, na kazi ngumu huanza siku anaporudi nyumbani.

Jinsi imani inavyosaidia

Wachunguzi wa elimunafsia na jamii hutaja njia kadhaa:

1. Matumaini. Mraibu aliyeshindwa mara nyingi huamini kwamba haiwezekani. Imani humwambia kwamba mwanzo mpya upo hata kwake.

2. Kuondoa lawama isiyo na mwisho. Msamaha wa Mungu humruhusu mtu kukiri alilofanya bila kujiona si kitu. Aibu isiyo na mlango wa kutokea ni sababu kubwa ya kurudia dawa.

3. Jumuiya. Mwumini ana watu wanaomfuatilia na wanaomtegemea.

4. Nidhamu ya siku. Sala, mfungo na ibada humfundisha mtu kuahirisha tamaa kwa saa chache, na baadaye kwa siku nyingi.

5. Huduma kwa wengine. Hatua ya kumi na mbili, sawa na mafundisho ya dini nyingi, humtaka aliyepata nafuu amsaidie aliye nyuma yake. Anayemsaidia mwenzake hujilinda pia mwenyewe.

Utafiti

Mapitio ya Harold Koenig wa Chuo Kikuu cha Duke yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta kwamba kati ya tafiti 278 kuhusu dini na pombe, asilimia 86 zilionyesha matumizi kupungua kadiri ushiriki wa dini ulivyoongezeka. Kwa dawa za kulevya zilikuwa tafiti 185, na asilimia 84 zilionyesha hivyo. Nyingi kati ya hizo zilipima nani anaanza au anatumia. Hazikupima nani anapona. Kumlinda kijana asianze na kumsaidia aliyekwisha kunaswa ni mambo mawili.

Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane yalichunguza tafiti 27 zenye washiriki 10,565 kuhusu AA na tiba zinazomwelekeza mgonjwa huko. Yalihitimisha kwamba katika kumfanya mtu aache pombe kabisa, njia hiyo hufanya kazi sawa na tiba nyingine au kuzizidi. Matokeo hayo ni ya pombe. Hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtumiaji wa heroini wa Arusha au Unguja. Isitoshe, imani ya mtu haipimwi kirahisi: wanaodumu katika ibada huenda ndio waliokuwa na familia imara tangu mwanzo.

Uhusiano na tiba ya hospitali

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa Tanzania Bara. Pamoja na kukamata wauzaji, Mamlaka huratibu kinga, tiba na utengamao wa waraibu.

Tiba kuu ya uraibu wa heroini ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto bila kumlevya mtu aliyepewa kipimo sahihi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania Bara iliianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kisha ikapelekwa Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, Arusha ikiwemo. Hutolewa bila malipo katika kliniki za serikali. Methadoni haitibu uraibu wa bangi, mirungi wala pombe.

Baadhi ya waumini, na hata baadhi ya nyumba za upataji nafuu, huona kwamba anayekunywa methadoni bado hajaacha. Wahudumu wa afya hujibu kwa mfano wa mgonjwa wa kisukari: anayechoma insulini kila siku hahesabiwi kuwa na imani haba. Kuacha methadoni ghafla kwa sababu ya mahubiri humrudisha mtu kwenye arosto, na mara nyingi kwenye heroini.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali la pekee, kwa kuwa kunywa methadoni mchana hufunguza saumu. Kurani (2:184–185) imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine. Kwa kuwa kipimo kimoja huchukua takriban saa 24, anayetaka kufunga anaweza kuzungumza na kliniki yake kuhusu saa ya kunywa, ikiwa kliniki hiyo ina huduma ya jioni. Kuruka kipimo bila kumweleza mhudumu ni hatari.

Hatari na ukosoaji

Maombi badala ya tiba. Arosto ya heroini huumiza sana, ingawa mara chache huua mtu mwenye afya. Lakini mlevi wa pombe wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na anaweza kufa. Vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za usingizi. Mtu wa aina hiyo anahitaji daktari katika siku za kwanza, hata kama ataombewa.

Kutangazwa amepona. Mtu aliyekaa majuma kadhaa bila heroini, iwe kambini kwa maombi, kituoni au gerezani, mwili wake hupoteza uzoefu wa dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumwua. Aliyesimamishwa mimbarini na kushangiliwa kuwa amepona huona aibu kubwa zaidi kusema kwamba ameteleza. Huficha, hutumia akiwa peke yake, na asipate wa kumwokoa kipimo kikizidi.

Pepo na laana. Kumwambia mraibu kwamba ana pepo kunaweza kumpunguzia lawama, lakini pia kunaweza kuhalalisha kupigwa, kunyimwa chakula au kufungwa minyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza desturi ya kufunga minyororo watu wenye matatizo ya afya ya akili katika nchi zipatazo 60, wengine wakiwa katika sehemu za maombi.

Wanawake. Ni wachache sana kati ya wanaofika kliniki na vituoni, na nyumba nyingi zilianzishwa kwa ajili ya wanaume. Aibu ya mwanamke mraibu huwa kubwa zaidi msikitini na kanisani, na mwenye watoto hana wa kumwachia.

Uhuru wa dhamiri. Mgonjwa aliye dhaifu asilazimishwe kubadili dini ili apate chakula na kitanda. Kwa wasiopenda mpango wa kidini zipo njia nyingine, kwa mfano SMART Recovery iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, isiyotegemea imani.

Wajibu wa viongozi wa dini na familia

Uzoefu wa vituo na kliniki unaonyesha mambo machache yanayoweza kufanywa na sheikhe, padri, mchungaji au mzee wa jumuiya bila gharama kubwa. Kwanza, kumpokea mraibu kwa jina lake na kutunza siri yake. Pili, kuuliza anatumia nini, kwa kuwa jibu ndilo litakaloonyesha kama anahitaji daktari siku hiyohiyo. Tatu, kumsindikiza kliniki, kwa sababu anayeenda peke yake mara nyingi haendi. Nne, kuendelea kumwombea na kumwalika ibadani akiwa bado kwenye dawa. Tano, kueleza waumini mapema kwamba kuteleza ni sehemu ya ugonjwa huu, ili atakayeteleza athubutu kurudi.

Familia nayo huhitaji msaada. Wazazi wengi wamechoka, wameibiwa, na wameacha kuhudhuria ibada kwa aibu. Jumuiya inayomtembelea mama wa mraibu humsaidia hata kabla mwanawe hajakubali kuacha, na humwachia mwana huyo mlango wa kurudia siku atakapotaka.

Tazama pia

Uraibu
Dawa za kulevya
Heroini
Methadoni
Toba
Uamsho wa Afrika Mashariki
Jiji la Arusha